Tunafunga nyumba Muriet siku 16 kwenda Rombo: hela kidogo ianzie wapi, na laini za simu tuzilindeje?

mama_muriet aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Tarehe 19 Desemba tunafunga nyumba hapa Muriet, Arusha, na kwenda Rombo, Kilimanjaro, tunarudi tarehe 4 Januari. Hatubakizi mtu, hata binti anayetusaidia anakwenda kwao. Nyumba ni ya kupanga, vyumba vitatu. Uzio wa tofali haufiki mita mbili, geti ni la bati. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma, yana grili za bomba kwa ndani. Mlango wa mbele ni wa mbao wenye kitasa kimoja cha silinda. Wa jikoni ni wa chuma na unafungukia nje. Dari ni jipsam. Mwenye nyumba anaruhusu tuchomelee tunachotaka ila hachangii. Nina laki tano.

La pili ni simu. Mtaani kuna wanaosajili laini chini ya miavuli, na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaingia karibu kila siku. Ndani ya nyumba itabaki bahasha ya kaki yenye nakala za NIDA, vyeti na kadi za benki za akiba. Tuanze na lipi?

---

fundi_grili_sombetini alijibu:

Dada, kwa laki tano usiguse uzio wala usinunue nyaya za umeme. Hela iende milangoni, halafu madirishani, ikibaki ndiyo tuzungumze mengine.

Anza na mlango wa jikoni, ndio dhaifu kuliko yote ingawa ni wa chuma. Mlango unaofungukia nje bawaba zake nazo ziko nje. Mwizi hana haja ya kugusa kufuli. Anakata bawaba kwa msumeno wa chuma au anagonga pini zitoke, kisha anauvuta mlango kwa upande huo. Dawa yake ni ndogo. Fundi achomelee vipande vitatu vya nondo ya mm 12 kwenye ukingo wa mlango upande wa bawaba (juu, kati na chini), kila kimoja kitokeze sm 1.5. Mkabala navyo atoboe matundu ya mm 16 kwenye fremu. Ukifunga mlango, vipande vinazama kwenye fremu, na hata bawaba zikikatwa zote mlango hautoki. Tundu likiwa la mm 12 kamili litabana na mlango hautafunga, hivyo mwambie aujaribu mara kadhaa kabla ya kupaka rangi. Kwa ndani weka komeo mbili, moja juu na moja chini, si zote katikati. Mlango huo ufungwe kwa ndani, ninyi mtokee mbele.

Mlango wa mbele: badilisha silinda ya kitasa. Hujui wapangaji waliopita walichonga funguo ngapi. Huhitaji kununua kitasa kizima. Fungua skrubu moja ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo, silinda inachomoka. Nenda nayo dukani upate ya urefu uleule. Urefu unapimwa kuanzia tundu la ile skrubu kwenda kila upande, kwa kuwa pande mbili zinaweza kutofautiana. Hapa ndipo wengi wanakosea. Silinda ikitokeza nje ya bamba la kitasa zaidi ya mm 3, inashikwa na koleo na kuvunjwa. Inavunjikia pale pale kwenye tundu la skrubu, maana ndipo palipo pembamba.

Halafu tazama lile bamba la kwenye fremu linalopokea ulimi wa kitasa. Mara nyingi limeshikwa na skrubu mbili za sm 2. Mlango wa mbao ukipigwa teke, kitasa hubaki kizima, kinachopasuka ni fremu. Weka skrubu za sm 8 zipite fremu ziingie ukutani. Ongeza kitasa cha pili sm 40 juu ya kile cha kwanza, ili mtaimbo usipate mahali pa kuupinda mlango.

Grili za bomba nazijua. Gonga kwa sarafu, ikilia kama kopo ni bomba la mm 1.2, linakatika upesi kwa msumeno. Lakini usikimbilie kuzibadilisha, kwanza angalia zimeshikwa na nini. Zikiwa zimefungwa kwa skrubu na vizibo vya plastiki, mtu hakati chochote, anaingiza mtaimbo nyuma ya fremu ya grili na kuing'oa nzima. Ondoa skrubu hizo, weka bolti za kupanuka za mm 10 zenye urefu wa sm 10. Dirisha dogo linatosha bolti nne, lenye upana unaopita mita 1.2 weka sita. Tundu litobolewe kwenye tofali lenyewe, si kwenye maungio ya saruji, na lisiwe karibu sana na ukingo wa dirisha, maana bolti ikipanuka itapasua tofali. Bolti zikikaza, fundi aweke doa la kuchomelea juu ya kila kichwa ili spana isifanye kazi. Funika vioo kwa gunia lililolowa wakati wa kuchomelea. Cheche zikitua kwenye kioo zinaacha vidoa visivyofutika, na mwenye nyumba atavikuta. Ukibakiwa na hela, ongeza nondo nzima za mm 12 zikate katikati ya mabomba, mwanya usizidi sm 12.

Dirisha la kusukuma linanyanyuliwa na kutolewa kwenye reli yake. Likiwa limefungwa, funga skrubu mbili kwenye reli ya juu zining'inie kidogo ili kioo kisipate nafasi ya kupanda. Reli ya chini laza kipande cha mti kilichokatwa kwa urefu kamili. Kisha ondoa kila kitu kinachofikiwa kwa mkono au fimbo kutoka dirishani, hasa funguo na mikoba. Wezi wa upondo hawahitaji kuingia ndani.

Paa na jipsam kwa hela hii huviwezi. Chagua chumba kimoja chenye mlango mzito, fungia humo runinga, kompyuta na mtungi wa gesi. Na ngazi, shoka, sururu, mtaimbo, vyote viingie ndani. Wengi wanavunjiwa kwa zana walizoziacha uani.

Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: asije mtu akakushauri kuunganisha waya wa seng'enge moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Mashine halisi ya uzio hupiga mshtuko wa muda mfupi sana, kama mara moja kila sekunde, ndiyo maana mtu anaweza kuuachia waya. Umeme wa mita hauachii. Utamuua mtoto wa jirani anayefuata mpira.

---

laini_na_pesa alijibu:

Fundi amemaliza ya milangoni. Mimi niseme ya laini, kwa kuwa mwizi wa jina haoni shida uzio wako una kimo gani.

Kwanza bonyeza *106# kwenye kila laini uliyo nayo. Itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA kwenye mtandao huo. Mtandao mmoja hauonyeshi za mwingine, kwa hiyo rudia kwa kila mtandao, hata ule usioutumia. Huo ndio muhimu zaidi, kwa sababu laini iliyosajiliwa kwa siri mara nyingi utaikuta huko usikotazama. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako ukaombe ifutwe. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakalosomeka ni lako, na maswali yataanzia kwako.

Laini hizo zinapatikanaje? Kwa kidole chako mwenyewe. Unasajili laini moja, msajili anasema "haijasoma, weka tena". Mara ya kwanza ilisoma, na ya pili imesajili laini nyingine inayobaki kwake. Inawezekana kweli kidole hakikusoma, hasa kwa wanaoshika jembe au saruji. Basi omba uone kioo cha kifaa chake kabla ya kurudia, na ukiondoka hapo bonyeza *106# siku hiyo hiyo. Kwa roho safi zaidi, sajili dukani, si chini ya mwavuli.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Sasa fikiria ni wangapi wameweka mwaka wao wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa. Kila anayeona nakala ya kitambulisho chako ameshaiona na PIN. Ibadilishe leo, na isifanane na PIN ya kadi ya benki wala ya kufungulia simu.

Nakala zenyewe: unapompa mtu nakala ya NIDA, andika kwa kalamu ikatize katikati, juu ya maandishi, "Kwa ajili ya mkataba wa pango tu", weka na tarehe. Ukiandika pembeni, inakatwa. Ukituma faili kwa ajili ya kuchapwa kwenye duka la stesheneri, simama hapo hadi lifutwe kwenye WhatsApp ya kompyuta yao na kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinachukuliwa kwa kazi gani, hivyo kuuliza si ukorofi. Ile bahasha ya kaki ondoka nayo, au iache kwa ndugu unayemwamini. Na kile kipande cha plastiki kilichokuja na laini, chenye PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga), usikitupe wala usikiache kwenye droo. Kifiche.

Weka pia PIN kwenye laini yenyewe, si kwenye simu tu. Mwizi hana haja ya kufungua simu yako. Anachomoa laini, anaiweka kwenye yake, na ujumbe wa uthibitisho wa benki na barua pepe unamfikia. Laini yenye PIN ikikosewa mara tatu inadai PUK yenye tarakimu nane, na PUK ikikosewa mara kumi laini inakufa. Kabla ya kuwasha kinga hii uliza mtandao wako PIN ya mwanzo ni ipi. Wanaobahatisha ndio wanaojifungia nje.

Kuhusu simu za "huduma kwa wateja": mitandao yetu inapiga kwa namba 100 tu. Namba ya kawaida yenye 07 au 06 ikijitambulisha hivyo, kata. Wanataka mambo mawili. La kwanza, wanakuongoza kwenye menyu ya pesa, "bonyeza hapa, andika namba hii, sasa weka namba yako ya siri kuhakiki". Ile "namba ya kuhakiki" ni namba ya wakala, na unachofanya ni kutoa hela. Menyu ya pesa haina hatua ya kuhakiki kwa PIN. Kila unapoweka PIN, unaidhinisha kitu. La pili, wanakuambia upige kitu kinachoanza na *21* kikifuatiwa na namba. Hiyo inahamishia simu zako kwao. Kisha wanaomba WhatsApp iwasomee msimbo kwa sauti, na simu hiyo inaita kwao wewe ukiwa umekaa. Bonyeza *#21# uone kama simu zako zinahamishwa, na ##002# kufuta uhamisho wote. Halafu WhatsApp, Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, weka tarakimu sita na barua pepe. Bila barua pepe, ukisahau tarakimu utasubiri siku saba.

"Ile hela tuma kwenye namba hii" haikulengi wewe. Inarushwa kwa maelfu, ikitafuta mmoja ambaye kweli leo anadaiwa kodi au ada. Ujumbe huo utume 15040, utaulizwa namba ya tapeli, nayo uitume. Ukipata ujumbe wa kupokea hela na mara mtu anapiga akidai amekosea, usirudishe kwa mkono wako. Angalia salio kwenye menyu yenyewe. Kama hela imeingia kweli, mwambie apige 100 mtandao urudishe.

Na Januari hii ya ada, jihadhari na programu za mikopo ya haraka zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Majina ya kwenye simu yako ndiyo dhamana yao. Ukichelewa siku moja, mchungaji na mwajiri wako watatumiwa ujumbe.

---

nyumbakumi_sakina alijibu:

Naongeza ya uani. Usifunge geti kwa kufuli linaloonekana barabarani. Linasema "hakuna mtu" mchana na usiku. Fundi akate tundu la kupitisha mkono, kufuli likae ndani, na alizungushie kisanduku cha bati la mm 3 ili mkasi mkubwa usifikie upinde wake.

Taa inayowaka saa sita mchana ni tangazo lile lile. Nunua balbu zenye kihisi cha mwanga, zinawaka zenyewe giza likiingia. Na hesabu LUKU. Balbu tatu za wati 9 kwa saa 12 ni kama uniti 5 kwa siku 16. Ukiwa na kamera nne na kinasa chake cha wati 30, ongeza uniti 11 na nusu. Kifaa cha intaneti cha wati 10, karibu 4. Jumla haifiki 21, lakini weka 25. Unaweza kununua umeme ukiwa Tarakea huko Rombo, ila zile tarakimu 20 lazima mtu aziingize kwenye mita, labda umwachie jirani kidude cha kuingizia. Friji zima, liache wazi. Maji funga kwenye mita.

Jirani afagie uwanja wako kila baada ya siku mbili. Majani yaliyolala wiki nzima yanaonekana kupitia upenyo wa geti. Aanike na nguo zake kwenye kamba yako. Mjulishe balozi na mwenyekiti wa mtaa tarehe kamili, na walinzi shirikishi kama mtaa wenu unao, lakini usitangaze kwenye kundi la WhatsApp la mtaa lenye watu mia mbili usiowajua nusu yao. Picha za migombani weka statasi mkisharudi. Hili najua ni gumu siku ya Krismasi.

Andika namba za seri za runinga, kompyuta na jiko, piga na picha. Polisi wakikamata mzigo, asiye na namba hawezi kuthibitisha kuwa ni chake.

---

mama_muriet aliuliza tena:

Asanteni sana, nimenakili yote. Maswali mawili. Kamera moja ya bei nafuu ina maana? Na simu ikikwapuliwa stendi siku ya safari, nifanye nini kwanza?

---

laini_na_pesa alijibu:

Kamera haizuii mtu, inakuonyesha tu alivyoingia. Ukinunua, iweke kimo cha mita 2.5 hadi 3 ikitazama geti, na ubadilishe nywila iliyokuja nayo siku ya kwanza, kwa maana nywila za kiwandani zinajulikana dunia nzima. Kadi ya GB 64 ikirekodi mfululizo hujaa kwa siku tatu hivi na kuanza kufuta za nyuma. Iweke irekodi panapokuwa na mwendo tu. Kama inatumia laini, hakikisha bando halifi katikati ya safari.

Simu ikiibwa, fuata mpangilio huu hasa. Azima simu ya mtu wa mtandao ule ule, piga 100, fungisha laini na akaunti ya pesa kwa pamoja. Vitaje vyote viwili. Watakuuliza jina, namba ya NIDA na pengine namba ulizopigia karibuni. Kisha benki. Kisha ingia android.com/find kwenye simu yoyote na uifunge. Usiifute kwanza, ukiifuta huwezi tena kuitafuta. Hapo watu wanakwama, kwa kuwa Google inatuma msimbo kwenye simu ile ile iliyoibwa. Kwa hiyo kabla ya safari ingia kwenye usalama wa akaunti yako ya Google, chukua zile namba kumi za akiba zenye tarakimu nane, ziandike kwenye karatasi pamoja na namba za IMEI (namba za utambulisho wa simu yenyewe). Hizo utazipata kwa *#06#, na simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote. Karatasi ikae kwenye mkoba mwingine, si kwenye kasha la simu. Polisi watakupa RB (namba ya taarifa uliyoandikisha kituoni), nayo utakwenda nayo kurudisha laini na kuomba kifaa kifungiwe. Ukisharudisha laini, sajili WhatsApp upya mara moja, mwizi atatolewa.

Na mkifika Rombo, chukua simu za wazee mfanye *106# kwao pia. Kubalianeni neno moja la familia. Akipigiwa bibi kwamba mjukuu amepata ajali na hela inatakiwa sasa hivi, aulize neno hilo, akate, apige namba aliyoihifadhi.

---

fundi_grili_sombetini alijibu:

Dada, silinda mpya huja na funguo kadhaa. Zihesabu dukani kabla fundi hajazigusa, na zirudi mkononi kwako zikiwa idadi ile ile. Jirani umpe mmoja wa geti tu, usiufunge lebo yenye namba ya nyumba. Na kazi ya kuchomelea iishe walau siku tatu kabla ya kuondoka, ufungue na kufunga milango asubuhi, mchana na usiku. Bati la geti na mlango wa chuma hutanuka juani, na komeo lililoingia vizuri saa mbili asubuhi linaweza kugoma saa tisa alasiri, mizigo ikiwa tayari garini.